Jiwe Langu Kwenye Foleni ya Kiingereza

Darasa letu la sita lilinuka sabuni ya mche, dagaa na kahawa, na mtu aliyepita dirishani angeapa kwamba pale hapana darasa ila stoo. Harufu ile ilitoka kwenye makopo na maboksi matupu tuliyoyabeba kutoka majumbani na kuyaokota kandokando ya soko la Kariakoo, tukayapanga juu ya meza ya mwalimu: boksi la viberiti, kopo la maziwa ya unga, karatasi za sabuni, mfuko wa chumvi uliojazwa mchanga. Mizani aliileta rafiki yangu Harshida, ambaye baba yake alikuwa na duka la viungo mtaa wa pili kutoka shuleni. Ilikuwa mizani mbovu, sahani yake moja imepinda, lakini tuliitunza utadhani ya dhahabu. Hilo ndilo lilikuwa duka letu, na ndani yake mimi Somoe, binti wa mchukuzi wa bandarini aliyetoka Lindi, nilijifunza Kiingereza. Nasema hivyo kwa maringo kabisa na simwombi mtu radhi.

Kabla ya duka, Kiingereza kilikuwa wimbo. Mwalimu aligonga ubao kwa fimbo, akasema sentensi, nasi tukaipokea kwa pamoja kwa sauti iliyofika viwanja vya Mnazi Mmoja. Wazazi waliopita nje walifurahi wakijua watoto wanasoma. Kumbe ndani ya wimbo ule mtu unaweza kujificha vizuri sana. Mimi nilichezesha midomo tu tangu darasa la tatu, na hakuna aliyejua, maana waliobaki walipiga kelele za kunitosha. Nikisimamishwa peke yangu niliganda, jasho likanitoka, nikatazama kucha za miguu yangu mpaka nikaambiwa kaa. Ndipo akaja Mwalimu Tekla, mwanamke mfupi wa Masasi aliyevaa raba za mazoezi chini ya kitenge. Alitusikiliza siku ya kwanza mpaka tukamaliza, akapiga makofi. "Mnaimba vizuri," akasema. "Haya, sasa nani anaweza kuongea?" Darasa zima likainama.

Miaka ile sukari ilikuwa adimu, sabuni adimu, na kila nyumba ya mtaa wetu iliishi kwa foleni ya duka la ushirika. Kwa kuwa hakuna mwenye nafasi ya kusimama tangu alfajiri, watu waliweka mawe. Jiwe lako ndilo wewe. Unaliweka mwisho wa mstari, unaenda zako kazini au kuteka maji, na mawe yanasogezwa na waliopo mpaka urudi. La kwetu lilikuwa kipande cha tofali ambacho mama alikipaka rangi ya bluu, na mlinzi wake nilikuwa mimi, kila siku kabla ya shule. Kuruka jiwe la mtu kulikuwa ni ufedhuli mkubwa kuliko matusi, na mimi niliyekosa sauti darasani sikuikosa pale dukani. Niliwahi kumrudisha nyuma mjumbe wa nyumba kumi, na akarudi. Mwalimu Tekla naye alipanga foleni hiyohiyo. Asubuhi moja alinikuta nikiinama kuweka tofali letu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Somoe. Jiwe lako likifika mbele utasema nini?"

"Nitaomba sukari."

"Wakikwambia hakuna?"

"Nitaomba chochote kilichopo, mwalimu."

Akacheka peke yake njia nzima mpaka shuleni, na wiki iliyofuata tulikuwa na duka.

Taratibu zake zilikuwa chache na zilifuatwa kuliko za serikali. Kila mtoto aliweka jiwe lake sakafuni, mstari ukapinda katikati ya madawati. Jiwe likifika mezani, unanunua kwa Kiingereza. Ukikwama neno, unaligeukia foleni nayo ikusaidie, na anayecheka jiwe lake linarudi nyuma. Muuza duka, naye mmoja wetu kwa zamu, alipewa ruhusa ya kusema kitu kimekwisha, kwa hiyo kukariri hakukufaa kitu. Ilibidi uwe na la pili la kuomba. Wakati wa kungoja ndio uliokuwa somo lenyewe. Mtoto aliyeona jiwe lake likisogea alianza kunong'ona maneno yake, akayageuza, akamwuliza wa mbele. Hofu yangu ilipata muda wa kuchoka. Sentensi ya kwanza ya Kiingereza iliyotoka kinywani mwangu bila kusukumwa ilikuwa ya kusema sukari hakuna, na niliisema vizuri mno kwa sababu nilikuwa na uzoefu nayo.

Mwalimu mkuu hakupendezwa. Alisimama mlangoni siku moja, mikono nyuma.

"Mwalimu Tekla, hili darasa au gulio?"

"Ni Kiingereza, mwalimu."

"Mkaguzi anakuja Alhamisi. Akiniambia mnacheza, takataka hizi zinatoka, na Kiingereza nampa mtu mwingine. Wewe utarudi kufundisha darasa la kwanza."

Alisema mbele yetu sote. Nilijua wimbo ukirudi, nami nitarudi kuchezesha midomo.

Alhamisi mkaguzi alikaa nyuma, mtu mrefu mwenye miwani, asiyecheka. Foleni ilikuwa inakwenda vizuri. Harshida akiuza, mimi nikiwa wa pili. Ghafla mkaguzi akainuka, akapita pembeni ya mstari mzima mpaka mezani, akaomba sabuni kwa Kiingereza cha haraka. Harshida, mtoto wa adabu, akanyoosha mkono kuichukua. Nami nikaliona jiwe langu limerukwa. Sikufikiri cheo, sikufikiri duka kufungwa. Nilimwuliza kwa Kiingereza, kwa sauti, liko wapi jiwe lake.

"Somoe!" Mwalimu mkuu alifoka mlangoni.

Mkaguzi akaniuliza, kwa Kiingereza vilevile, jiwe gani. Basi nikamweleza. Nilimwambia kila mtu ana jiwe, mama yangu analo, mwalimu analo, hata mjumbe analo, na asiye na jiwe hayupo. Kilikuwa Kiingereza kilichovunjika miguu, lakini hakikuwamo katika kitabu chochote, nilikiunda mwenyewe pale nikiwa nimesimama. Yule bwana akatoka nje, akarudi na kokoto mkononi, akaliweka mwisho kabisa wa mstari, akasimama nyuma yake. Alingoja zamu yake mpaka karibu na kengele. Alipofika mezani, Harshida akamwambia kwa masikitiko kwamba sabuni imekwisha. Mkaguzi akacheka hadi akavua miwani, kisha akaomba chumvi. Juma lililofuata mwalimu mkuu aliingia darasani na kopo tupu la kahawa, akaliweka mezani bila kumtazama mtu.

Siku hizi mimi ndiye ninayewafunza walimu wa Kiingereza. Hualikwa semina kwenye kumbi zenye viyoyozi huko Posta, nikaonyeshwa ukutani mbinu mpya za kumfanya mtoto aongee, nami nikatikisa kichwa huku nikila sambusa. Sukari imejaa madukani, shule zina vitabu vyenye picha za rangi, na bado naingia madarasani nikapokewa na wimbo uleule wa zamani. Kwa hiyo popote ninapofunza, nawaachia walimu foleni ya mawe, ingawa inabidi kwanza niwaeleze foleni yenyewe ilikuwa nini. Mwezi uliopita nilikwenda kukagua darasa moja huko Buguruni. Watoto walikuwa wamepanga mawe yao, nami, kwa uchovu wa njiani, nikapitiliza moja kwa moja mpaka mezani. Binti mmoja mwembamba, soksi moja imeshuka, akanizuia na kuniuliza kwa Kiingereza safi liko wapi jiwe langu. Mwalimu wake alitaka kufa kwa aibu, akaanza kuniomba radhi, lakini mimi nilikuwa nimekwisha toka nje, nimeinama uwanjani, natafuta jiwe zuri.