Sababu ya Osewe Kuamka

Mchana, blanketi la Lazarus Osewe ni kitu cha kawaida tu: jembamba, limechakaa pembeni, ukilikunja linaingia kwapani. Lakini alfajiri, simu ikishalia chini ya mto, blanketi hilo hilo hugeuka gunia la simiti. Osewe alikuwa akinyoosha mkono mmoja nje, anahisi baridi imemshika kiganja, anaurudisha mkono ndani haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Kisha anazima simu na kujiambia, "Kesho."

Basi kesho zikawa nyingi.

Osewe ni fundi cherehani pale Kisumu Ndogo, Kibera. Anashona sare za shule na kanzu nyeupe za watu wa kanisa lake. Ni kazi ya kukaa. Tangu asubuhi hadi jioni kinachofanya kazi ni mguu, na mguu wenyewe hauendi popote. Miaka imepita hivyo, tumbo likaja polepole kama mgeni asiye na haraka, na magoti yakaanza kusema kila anapoinuka.

Lakini Jumapili Osewe alikuwa mtu mwingine. Katika kanisa lao kila mmoja ana kazi yake. Kuna anayehubiri, kuna anayepiga ngoma, kuna mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo. Osewe hajui kuhubiri, na akiimba watoto hucheka. Yeye hubeba bendera. Alipewa kazi hiyo wakati binti yake Celine bado anabebwa mgongoni, na leo Celine ni mama wa watu. Majirani wa kwao humwita Jabendera, mtu wa bendera, na wengine hawajui kama ana jina jingine.

Kila mwaka kanisa huenda kwa miguu kuwatembelea ndugu zao wa Gatina, kule Kawangware. Hawatembei tu, wanakwenda mchakamchaka, ngoma zikilia na kanzu zikipepea. Mwenye bendera yuko mbele kabisa. Akipunguza mwendo, wote wanapunguza. Na bendera haitakiwi kugusa chini wala kuegemezwa mahali, mpaka wenyeji waipokee kwa mikono yao.

Sasa mwaka jana, walipofika Dagoretti Corner, pumzi ya Osewe ilikatika. Alisimama tu, mdomo wazi. Nyuma yake watu wakagongana, wapiga ngoma wakawa wanapigia palepale, na magari yakaanza kupiga honi. Konda mmoja akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Kanisa imeishiwa mafuta!" Kijana mmoja anayeitwa Tonny, fundi wa kuchomelea milango, akaja mbio akachukua bendera, akaenda nayo hadi Gatina bila hata kutoa jasho. Osewe alifika baadaye, kwa boda boda, na kanzu yake imekunjwa mapajani.

Mwaka huu, safari ilipokaribia, Pasta Ojwang alikuja kibandani kwa Osewe. Akakaa kwenye benchi ya wateja, akashikashika kitambaa kana kwamba anataka kununua.

"Ndugu Osewe, safari ni mwezi ujao."

"Najua, Pasta."

"Tonny ana miguu."

"Na mimi?"

"Wewe una moyo. Lakini Ngong Road haipandwi na moyo, omera, ndugu yangu." Pasta akaachilia kitambaa. "Amka mapema, ukimbie kidogo kidogo. Ukiweza, bendera ni yako. Ukishindwa, ataibeba Tonny na hatutagombana. Utakaa na wazee kwenye benchi ya nyuma kanisani."

Osewe aliwaza ile benchi ya nyuma siku nzima. Wazee wa pale nyuma ni watu wazuri. Wanasinzia, wanaamshwa wakati wa sadaka, wanarudi kusinzia. Hakuna anayewatafuta wasipokuja.

Ungedhani wazo hilo lingetosha kumtoa mtu kitandani. Halikutosha. Jioni, akiwa ameshiba, Osewe alikuwa shujaa; alipanga viatu mlangoni, akamwambia mkewe Trizah, "Kesho utaona." Alfajiri shujaa yule hakuwepo. Aliyekuwepo ni mtu mchovu aliyetafuta sababu. Leo kuna umande. Leo goti la kushoto. Leo ni Jumatatu, na nani huanza jambo Jumatatu? Kisha Jumanne ikawa na makosa yake.

Trizah huuza omena, wale dagaa wa ziwani, na huamka giza bado nene ili awahi kuchagua zilizo safi. Alimvumilia mumewe kwa muda. Halafu asubuhi moja akavuta blanketi lote, akajifunga nalo mabegani, akatoka nje kuwasha jiko.

"Mama Celine! Rudisha hiyo kitu!"

"Njoo uchukue. Iko hapa nje, ambapo Tonny tayari anakimbia."

"Tonny anakimbia?"

"Sijui. Lakini wewe hukimbii, hiyo najua."

Alitoka. Lakini mlangoni alipata shida nyingine. Ataonekanaje, mzee mwenye tumbo, anakimbia kwenye vichochoro gizani? Watasema ameiba, au anakimbizwa, au kichwa kimemruka. Mazoezi ni ya wale wa magorofani, wenye viatu vya rangi na mbwa wa kamba. Akafikiri kidogo, akachukua mtungi mtupu wa maji wa lita ishirini. Sasa mtu akimwona atajua anakwenda mferejini. Alijiona mwerevu sana.

Kwa asiyekaa huko ni vizuri aelewe: maji hayaji kila wakati. Mifereji inaweza kukauka hata wiki nzima. Halafu alfajiri moja, bila tangazo, mfereji mmoja unakohoa, unatema hewa, na maji yanatoka. Anayejua mapema ndiye anayejaza. Kwa hiyo mtu mwenye mtungi akitembea, hakuna anayemwangalia. Lakini mtu mwenye mtungi akikimbia, huyo ameambiwa kitu.

Osewe alipita milango michache akihema, mtungi unamgonga pajani. Akasikia mlango umefunguka nyuma yake. Kisha mwingine. Kisha ndara zikipiga matope, nyingi, na plastiki zikigongana. Hakugeuka. Alijua ni vibaka. Akaongeza mwendo, na wao wakaongeza. Alivuka mtaro akiwa hajui amevukaje, akapanda hadi uwanjani, na pale nguvu zikamwishia. Akainama, mikono magotini, akingoja kupigwa.

"Iko wapi?" sauti ya mwanamke ikauliza.

Alikuwa Nekoye, jirani wa mlango wa tatu, mwenye nguo ya kulalia, leso kichwani na gambuti miguuni. Nyuma yake walijaa wanawake wa ploti nzima na wa ploti ya pili, kila mmoja na mitungi yake.

"Iko wapi nini?"

"Maji, Baba Celine! Usitufiche, sisi ni majirani."

"Hakuna maji."

"Na unakimbilia nini?"

Osewe alitafuta uongo, lakini hakuwa na pumzi ya kuutolea. "Mazoezi," akasema.

"Ma-nini?"

"Mazoezi. Ya mwili."

Mama mmoja akaketi juu ya mtungi wake. "Nimeacha mtoto akilia," akasema polepole, "nimekimbia na kiatu moja, kumbe mzee anapunguza kitambi."

"Na mtungi ni ya nini?" Nekoye akauliza.

"Nilibeba... watu wasinione."

Hapo kicheko kikalipuka, kile cha uchungu na usingizi vikiwa pamoja. Mmoja akasema akatwe faini. Mwingine akasema amwagiwe maji, ila hayapo. Nekoye peke yake hakucheka. Alikuwa anamwangalia Osewe juu hadi chini, kama mtu anayepima mbuzi.

"Ngojeni," akasema. "Huyu ako na miguu ya bure kila asubuhi. Sisi tunaamka tunazunguka kama vipofu, mfereji hadi mfereji. Baba Celine, wewe kimbia. Pitia Gatwekera, panda mpaka Makina, rudi na huku chini. Ukipata mfereji umefungua, unakuja kutuambia. Usipopata, tunalala."

"Lakini mimi..."

"Umetutoa kwa kitanda na uongo. Utaturudishia usingizi."

Na ikawa hivyo. Usidhani Osewe aliipenda. Blanketi lilibaki na uzito wake, baridi ilibaki na meno yake, na kila alfajiri alijiuliza ni dhambi gani aliyotenda. Tofauti ilikuwa moja tu: zile sababu zake zilikosa wa kuzisikiliza. Siku moja mvua ilinyesha akaamua kubaki ndani. Punde akasikia mitungi inapigwapigwa nje ya mlango, na sauti ya Nekoye:

"Baba Celine! Umekufa? Kama umekufa sema, tutume mtu mwingine!"

Trizah akacheka gizani mpaka kitanda kikatikisika. Osewe akaamka, akavaa kiatu mguu usio wake, akavua, akaanza upya.

Alizunguka. Mara nyingi alikuta mifereji mikavu, akarudi na kusema kwa sauti ya chini, "Bado," na taa zikazimwa. Mara nyingine alisikia mfereji ukikohoa kule Makina, akateremka mbio akiita, na vichochoro vikafunguka. Hapo hakuna aliyemcheka. Walimpita wakikimbia, mmoja akimwambia "Asante, jaduong'," yaani mzee, bila kugeuka. Kisha alirudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani, na kabla ya saa nne kichwa kimeshalala juu ya mkono wa kanzu ya mtu.

Siku ya safari alivaa kanzu, akaishika bendera, na Pasta Ojwang akamwashiria aende mbele. Ngoma zikaanza. Walipanda hadi Ngong Road, na Osewe akaenda kwa mwendo wake, si wa haraka, akivuta pumzi kupitia puani. Dagoretti Corner ilipokaribia aliiona toka mbali. Miguu ilitaka kusimama yenyewe, kama punda anayejua mahali alipoangukia. Aliangalia lami tu, akahesabu nyufa, na alipoinua macho Corner ilikuwa nyuma. Wakaingia Naivasha Road. Kufikia Kabiro hakusikia tena ngoma, alisikia damu yake masikioni. Lakini alikuwa bado mbele, na Gatina ikaonekana: lile geti la mabati la kanisa la wenyeji, limefungwa.

Hapo ndipo Osewe alipokumbuka kitu alichokuwa amekisahau. Geti halifunguliwi mpaka wenyeji, wakiwa ndani, wamalize wimbo wa kukaribisha. Na watu wa Gatina hawana nyimbo fupi.

Kwenda alikuwa amejifunza. Kusimama na mti ule mrefu wa bendera mikononi, hilo alfajiri zile hazikumfundisha. Ubeti wa kwanza mabega yakaanza kuwaka. Ubeti wa pili mikono ikatetemeka, na kitambaa kule juu kikatetemeka pia. Ndani walirudia kiitikio, wakakirudia tena kwa furaha. Tonny akasogea ubavuni mwake.

"Mzee, nikushikie?"

"Bado."

"Mikono inatetemeka."

"Ni upepo."

"Hakuna upepo, mzee."

"Basi omba uje."

Tonny akacheka, lakini hakurudi nyuma. Akasimama palepale, mikono yake tayari, bila kugusa. Osewe akafumba macho. Hakuomba ushindi, aliomba tu wale watu wasahau ubeti uliobaki. Hawakuusahau. Waliuimba wote, na "amina" tatu juu yake. Kisha geti likalia, mikono mingi ikaja, ikaushika ule mti, na uzito ukamtoka Osewe ghafla hata akayumba.

Baada ya ibada wageni walipewa chai na mkate. Pasta Ojwang akasimama na kikombe mkononi.

"Ndugu zangu, mlimwona Jabendera? Nilisema maneno, leo nayala. Mwaka ujao ni yeye! Na unaofuata ni yeye, mpaka Bwana mwenyewe aseme!"

Vigelegele vikapigwa. Osewe akatabasamu, lakini ndani yake kitu kikashuka kama ndoo kisimani. Kumbe alikuwa na siri ambayo hata yeye hakuijua vizuri: alikuwa ameamini kwamba akifika tu Gatina, atalala. Na sasa alikuwa ameshinda, na zawadi yenyewe ilikuwa mwaka mzima wa alfajiri. Akamtazama Tonny, aliyekuwa anachovya mkate kwenye chai, kijana wa watu, bila kinyongo. Neno moja tu lingetosha: apewe huyu. Osewe akafungua mdomo.

"Asante, Pasta," akasema.

Trizah akaja akakaa karibu naye, akavua viatu vyake mwenyewe, akanyoosha vidole vya miguu.

"Kesho nikuamshe," akauliza, "ama nikuache?"

Osewe alifumba macho. Miguu yake ilikuwa inawaka hadi kiunoni.

"Niamshe," akasema. "Lakini usiniambie ni saa ngapi."