Mama Asipewe Mdomo wa Kuazima

Tangu Joachim amtumie kurasa zake asubuhi, Kethia hakutulia. Tulikuwa tunafunga suruali za jumla pale Shahe, soko la nguo la Guangzhou; yeye aliketi, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi.

Kanisa letu lilikuwa linachapisha kijitabu cha hadithi za waumini. Mhariri alikuwa Joachim, aliyefundisha sekondari Morogoro kabla ya kuja Guangzhou kusafirisha mizigo. Kethia ni mtu wa Lubumbashi. Aliandika juu ya mama yake, muuza makaa, akamwacha aseme kwa Kiswahili cha kwao: "Batoto ba kichwa nguvu, mukuye kula! Bukari inakuwa baridi." Joachim akasahihisha: "Wanangu wakaidi, njooni mle. Ugali unapoa."

Alipopita kuchukua mizigo, Kethia alisimama mbele yake.

"Papa Joachim, umemfanya mama yangu mtangazaji wa redio."

"Nimekulinda, dada. Watu watacheka."

"Wacheke! Yeye mwenyewe anauza makaa kwa kuchekesha."

"Basi tuweke tanbihi, kila neno na maana yake."

Felisia, mwenzetu wa Iringa, akaangua kicheko. "Mama anaita watoto kula, wewe unamsimamisha atoe maana? Ugali utapoa kweli, mwalimu."

Tulicheka, Joachim naye. Kethia hakucheka. Akatueleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake, na tumepanga chumba kimoja miaka minne.

Alipokuwa na miaka kumi na miwili, mama yake alikwenda kuwasalimu masista shuleni. Kethia akamsahihisha mbele yao, neno kwa neno. Mama akanyamaza. Tangu siku ile, wageni wa Kethia wakifika nyumbani, mama huitikia kwa kichwa tu. Hajui kusoma; kijitabu kikitoka angesomewa na Pierre, jirani yao, ambaye jioni ile alikuwa anarudi Lubumbashi kwa ndege kutoka uwanja wa Baiyun.

"Akisikia hivi," Kethia alisema, "atajua bado namwonea haya."

Joachim alivua miwani. Akampigia laoban wa kiwanda cha uchapaji, wakabishana kwa Kichina cha sokoni.

"Bosi anasema kurasa zimeshapangwa. Kuziondoa anaweza, kuzibadili hawezi."

Kethia alikuwa ameutangazia ukoo mzima kwamba jina lake litatoka kitabuni. Alitembea hadi dirishani.

"Ziondoe."

"Hadithi nzima?"

"Nzima."

Alichapisha kurasa zake nne za awali, zisizosahihishwa, kwenye duka la fotokopi, tukamwahi Pierre kituo cha metro.

"Umsomee hivi hivi. Usimpambe."

Pierre alisoma mstari wa kwanza kwa sauti, abiria wakageuka. "Ma sœur, dada yangu! Huyu namujua. Ananipigiaka kelele hivi hivi."

Siku tatu baadaye ulifika ujumbe wa sauti, dakika nne. Mama alikuwa anafoka: "Weye Kethia, ulibongopa bantu! Ile siku haikukuwa sombe, ilikuwa samaki!" Kwenye hadithi Kethia alikuwa ameandika sombe, kisamvu cha kwao. Mama akaendelea na samaki, na bei yake, na jirani aliyekula bila kualikwa, huku watu wakicheka nyuma yake. Masista hakuwataja.

Kethia aliusikiliza akitembea katikati ya mizigo, simu sikioni. Ulipoisha akaurudisha mwanzo. Nilimwambia akae. Akasema atakaa, akaendelea kutembea, akitafuta ndani ya kelele zile kama amesamehewa.