Kibao Kilichofutwa kwa Mate

Juzi nilikuwa nimekaa Msamvu nasubiri basi, bibi mmoja akaja akakaa pembeni yangu, akafungua kikopo kidogo cha bati. Sikuhitaji kugeuka. Tumbo lilishajua kabla yangu. Ugoro! Ile harufu ya tumbaku iliyosagwa ikachanganywa na magadi, ukali wake unaopanda puani kisha unashuka kooni taratibu kama una shughuli huko. Niliinuka na mizigo yangu yote nikaenda kusimama juani. Bibi wa watu akanitazama, nadhani alifikiri namkimbia yeye. Anisamehe, lakini mimi na ugoro hatupikiki chungu kimoja, na sababu nitawaambieni. Ila kama uko mezani, maliza kula kwanza.

Mimi nilifundishwa kuandika kwa mate.

Tulikuwa tunaishi Mkuyuni, mimi, mama na kaka yangu Shabani. Baba alikuwa kwenye mashamba ya miwa, nyumbani akija mara moja moja. Shabani alikuwa na miaka tisa, mimi saba. Shule aliianza vizuri tu, hadi alipoangukia mikononi mwa mwalimu mmoja ambaye kwake mwandiko mbaya ulikuwa sawa na wizi. Alimchapa fimbo za vidole, upande wa kucha, mpaka kucha ya kidole cha kati ikang'oka. Tangu hapo Shabani akiona tu sare imeanikwa kambani, anajikojolea. Mama hakumwomba mtu ushauri. Alichukua ile kaptula ya shule akaifanya dekio, na mimi niliyekuwa ndiyo kwanza naanza akanitoa pia. "Watasomea hapa hapa," akasema. Majirani wakasema huyu karogwa, si bure.

Mama mwenyewe alikuwa na meza yake ya ndizi na mdalasini sokoni, kutwa hayupo. Ndipo akaja Shangazi Tausi kutoka Mikese, dada mkubwa wa baba, mjane, mwembamba, na kanga zake mbili zisizotulia mwilini. Ujanani alikuwa amefanya kazi Morogoro mjini, kwenye duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Mke wa mwenye duka ndiye aliyemfundisha mwandiko wa kuunganisha herufi, ili aandike majina ya wateja kwenye vifurushi vya nguo zilizoshonwa. Na jamani, mwandiko ule! Ulikuwa unalala kidogo upande wa kulia, herufi zimeshikana mikono bila kusukumana, unaweza kuutazama ukasahau ulikuwa unasoma nini. Kwa mwandiko ule ungedhani mwenye mkono huo ananukia marashi.

Thubutu!

Shangazi alikuwa akiweka ugoro chini ya mdomo tangu asubuhi mpaka anapolala. Mdomo wa chini ulikuwa umevimba kwa shehena ile, meno yamegeuka rangi ya udongo, na nyuma ya mlango kulikuwa na kopo lake la kutemea ambalo siku moja nililipiga teke kwa bahati mbaya. Sitaeleza zaidi. Nilikaa siku nzima sili.

Darasa letu lilikuwa barazani, kwenye mkeka. Daftari alilikataa kabisa. "Daftari ni la mtu anayejua," alikuwa akisema. Fundi alitukatia vibao vya plaiwudi, vikapakwa rangi nyeusi, tukaandika kwa chaki. Shangazi alikuwa na kibao chake kikubwa alichokiegemeza ukutani, na kila asubuhi aliandika juu yake mstari mmoja wa kuiga. Sisi tunaandika, yeye amekaa katikati yetu anatazama huku na huku. Ukikosea tu, ukiunganisha vibaya, hata kabla chaki haijaondoka kwenye kosa lenyewe, kidole gumba cha Shangazi kinapita mdomoni, kinatoka kimelowa, kinashuka kwenye kibao chako. Fyaa! Kosa limeondoka. Pamebaki mchirizi wa kahawia na harufu ile. "Haya, andika tena." Na wewe unatakiwa uandike hapo hapo, palipo na unyevu wa joto wa mdomo wa mtu mwingine, chaki inateleza, mkono wako unaburuzika juu yake. Uuuwi! Mpaka leo nikisimulia vinyweleo vya mkono vinasimama.

Na maji yalikuwepo, msidhani hayakuwepo. Kila asubuhi mama alituwekea bakuli la maji na kitambaa pale pale kwenye mkeka. Jioni kitambaa kilikuwa kikavu kama kilivyowekwa. Nilimshitaki Shangazi kwa mama mara nyingi. Mama alikuwa akijibu lile lile, "Ukipenda boga, penda na ua lake." Mimi boga lenyewe nilikuwa sijalipenda bado.

Mafundisho yake, nikitoa mate, yalikuwa mazuri. Alikuwa akitwambia neno ni pindo la nguo. "Ukianza pindo, hukati uzi mpaka ufike pembeni. Usinyanyue mkono!" Na nukta za juu ya herufi aliziita vifungo. Vifungo vinashonwa mwisho, nguo ikishakamilika. Mimi nilielewa kwa kichwa, mkono ndio ulikataa. Shabani ndiye alikuwa na shida kubwa. Kile kidole chake cha kati kilikuwa kimeota kucha nene iliyopinda, na kila akifika katikati ya neno mkono unaanza kutetemeka, anakata uzi.

Masika yalipoanza, baba akaja. Akatazama vibao vyetu kimoja kimoja. Baba hakuwa mkali, lakini alikuwa akiona aibu. Kule kambini wenzake walikuwa wakimuuliza watoto wako darasa la ngapi, na yeye hana jibu. Usiku ule tukala, kisha akasema na mama mbele yetu, bila kuficha. "Mvua zikikatika narudi. Nikute wanaandika kama watu wenye elimu, mwandiko wa kuunganisha, mtu yeyote ausome. Nisipokuta, wanarudi shule. Wote wawili." Shabani aliinuka akaenda uani, na mimi nilijua ameenda kubadilisha kaptula.

Basi nikaanza kufikiri, na kichwa cha miaka saba kikifikiri kinafika mbali. Wiki chache nyuma mama aliugua homa isiyoisha, na pamoja na vidonge vya zahanati Shangazi alimwita shehe wa jirani. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikaona yote. Shehe aliandika aya kwenye sahani nyeupe kwa zafarani, akamimina maji, maandishi yakayeyuka, mama akanywa kombe lile mpaka tone la mwisho. Siku ya tatu akaenda sokoni. Nikajumlisha. Ikiwa maandishi ya shehe yakinywewa yanaingia mwilini na kufanya kazi, basi mwandiko wa Shangazi, ambao watu wa Mkuyuni nzima wanausifu, ukinywewa utakwenda wapi kama si mkononi?

Asubuhi moja Shangazi alipokuwa anaoga, nikachukua kile kibao chake kikubwa chenye mstari wa siku hiyo. Nikakimwagia maji, nikakisugua kwa kiganja, nikakinga kwenye kikombe cha plastiki. Mungu wangu! Kibao kile kilikuwa kimefutwa kwa mate tangu alipofika. Yalitoka maji ya kijivu yenye utando juu, na vipande vyeusi vya rangi, na kwenye kona mlikuwa na uchafu wa kahawia ulioganda, huo nao ukaachia, ukaingia. Nilitaka kumwaga. Lakini niliwaza, nani anajua elimu imekaa sehemu gani? Nikaacha vyote.

Nikampelekea Shabani nyuma ya migomba. Alichungulia, akarudi hatua nyuma.

"Humo kuna mate ya Shangazi."

"Yamo," nikamwambia. "Na mwandiko umo."

"Mimi sinywi."

"Basi rudi shule."

Akanitazama kwa macho yaliyojaa machozi, akaziba pua, akanywa nusu. Na mimi nikafunga macho nikamalizia. Jamani! Chaki ilinishika kwenye meno, rangi ikanipaka ulimi, kisha ukaja ule uchungu wa ugoro, uliochacha, vuguvugu, ukajikunja kooni ukakataa kushuka na ukakataa kupanda. Shabani alianza kutapika. Nikamtazama akitapika, na mimi nikatapika. Tulitapika mpaka tukawa hatuna cha kutoa, tumeshikilia migomba, matone ya chaki yanatudondoka kidevuni.

Shangazi akatokea na kanga ya kuogea. "Mmekula nini nyie?"

"Kombe," nikasema.

"Kombe la nani?"

"La kwako, Shangazi."

Alitazama kikombe, akatazama kibao kilicholowa, akaelewa. Alicheka hadi akakaa chini. "Masikini ya Mungu! Kombe ni maneno ya Mwenyezi Mungu, mwanangu. Haya ya kwangu mimi mwana wa Mikese yatawaharisha tu!" Akaendelea kucheka, anapiga mapaja, na mate yake yanaruka. Mimi nikapata sababu ya kutapika upya.

Ndipo Shabani akasema, huku anafuta mdomo, "Mimi sitaki kurudi kule, Shangazi. Mwalimu ataing'oa na kucha hii nyingine."

Shangazi akaacha kucheka. Alimshika mkono akakitazama kile kidole kwa muda, halafu akatupeleka ndani akatukorogea uji. Tangu siku ile hakulala tena mchana. Mvua inapiga, ukungu umeshuka milimani hadi kwenye paa za majirani, yeye amekaa nyuma ya Shabani, amekifumbata kiganja chake, wanaandika pamoja. Kinywa chake kiko sikioni mwa mtoto. Nilikuwa nikimwonea Shabani huruma kwa ile harufu, lakini hakulalamika. Na kidole gumba kikaendelea na kazi yake, fyaa, fyaa, kutwa nzima.

Mvua zikakatika, baba akaja kweli. Hata hakusubiri kupumzika. Tulikuwa tumekaa mkekani, mama ameshapakua wali na samaki, jirani yetu mmoja na mkewe wamekuja kumpa shikamoo na kubaki kula. Baba akasema mbele ya wote, "Shabani, andika: baba karibu nyumbani."

Shabani akaanza. Neno la kwanza likatoka vizuri. La pili likaanza vizuri. Katikati mkono ukaanza kutetemeka, chaki ikaruka, ikaacha mkwaruzo mbaya ulioparua kibao kizima. Yule jirani akanyoosha shingo aone. Baba naye akainama. Na kabla uso wa baba haujafika, kidole gumba cha Shangazi kilikuwa kimeshapita mdomoni na kushuka.

"Dada!" baba akaruka. "Mbele ya chakula!" Mke wa jirani akasukuma sahani yake mbele, na mimi sikumlaumu. "Na nilitaka kuona alipokosea," baba akaongeza.

"Umekuja kuona anachoweza," Shangazi akasema. Sauti yake sikuwahi kuisikia namna ile. Akamgeukia Shabani. "Andika, baba yangu. Vifungo mwisho."

Shabani akaandika juu ya mate. Polepole, hakunyanyua mkono, akafika pembeni, akarudi kuweka nukta zake. Baba akakichukua kibao kwa ncha za vidole, kwa kinyaa, akakisoma, akampa jirani akasoma. Kisha, bila hata kuniambia mimi niandike, akanawa mikono akasema tule. Mwaka ule hatukurudi shule.

Miaka mingi baadaye, Shangazi ameshazeeka na amerudi Mikese, nilikuwa na mama tunachambua mchele, nikaanza tena mashitaka yangu ya mate. Mama akaniacha nimalize. Halafu akaniambia kitu ambacho baba alimwambia yeye siku ile ile ya jirani, baada ya wageni kuondoka. Shangazi alipokuwa binti mdogo alikosea neno moja kwenye kibao. Mwalimu wake alikitoboa kibao, akakipitisha kamba, akamvika shingoni na kosa lake likiwa limeandikwa, akamzungusha madarasa yote. Watoto wakacheka. Wengine wakakitemea mate. Hakurudi tena shuleni. Alichojua alikuja kukijua dukani, mtu mzima, kwa mke wa Mhindi.

"Kitambaa mpaka ukichovye, ukikamue," mama akasema. "Wakati huo watu wameshaona."

Niliendelea na mchele. Msidhani kinyaa kiliniisha, maana hakijaisha. Pale Msamvu nimewaambieni nilivyosimama juani. Lakini siku ile nilijaribu kukumbuka kosa langu hata moja la barazani, moja tu, katika muda wote ule niliokosea kila siku mbele ya Shabani, mbele ya mama, mbele ya kila aliyepita njia. Silikumbuki. Nakumbuka mate.