Sadala na Mguu Aliokatazwa Kuukunja

Mama yangu hakumuua mume wangu. Naanza hapo kwa sababu ndilo linalosemwa sokoni hapa Korogwe na kule Handeni kwa ndugu za mume wangu: kwamba Bi Mwatumu aliingia wodini na kitu kimefungwa kwenye pindo la kanga, akamgusa Sadala, damu ikamtoka. Kwenye pindo lile mlikuwa na nauli ya kurudia. Mkononi alibeba chupa ya uji. Nimefundisha sekondari miaka mingi, najua tofauti ya nilichokiona na nilichosimuliwa.

Sadala alikuwa dereva wa trekta. Mvua zikikaribia, wakulima kuanzia Kabuku hadi Handeni walimgombania, kwa kuwa hakulima juu juu na hakuwaachia kona. Mwaka mmoja jembe la trekta lilimbana kidole. Alikifunga kitambaa akamaliza kwanza shamba la watu. Alisifiwa sana. Siku hizi nikiikumbuka sifa ile nasikia uchungu.

Kifua kilipoanza kumbana, tulipewa rufaa ya Dar es Salaam. Daktari alieleza kwamba watapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa hadi kwenye moyo, waone palipoziba. Kuzibua kwenyewe kutakuwa siku nyingine. Walianzia kwenye kifundo cha mkono. Mshipa ukakaza, mrija ukakwama. Baadaye aliniambia ilikuwa kama mtu anavuta waya wa moto ndani ya mfupa.

"Mzee, ukiumia sema," daktari alimwambia.

"Endelea tu."

Wakahamia kwenye kinena. Alirudishwa wodini na amri moja: alale chali, mguu wa kulia umenyooka, asiinuke mpaka jioni, tundu la mshipa lisije likafunguka. Nesi Grasiana, Msambaa wa Lushoto, alimtania.

"Nyie Wazigua mna mioyo migumu, mrija umepinda!"

"Mmekuta nini humo?"

"Mahindi matupu. Lala, mzee wangu. Ukikunja huo mguu nakufunga kamba kama mbuzi."

Sadala akacheka.

Saa ya kuona wagonjwa nilishuka kuchukua dawa. Nyuma yangu wakaingia mama na shemeji yangu Zaidi, wametoka Handeni kwa basi. Asiyejua mila zetu hataelewa. Tangu tuoane, Sadala hakuwahi kula mbele ya mama yangu. Wakikutana njiani, alimpisha akasimama majanini. Kulala chali mbele ya mkwe, shuka imeishia kiunoni, kwake kulikuwa sawa na kusimama uchi. Mama naye, kama Zaidi alivyonisimulia baadaye, aliishia mlangoni, akageuza uso, akauliza hali. Alikuwa ameambiwa mkwewe anapasuliwa moyo, akashindwa kukaa nyumbani kusubiri habari. Sadala akainuka, akaketi, akamwitikia kwa heshima zote.

Niliporudi nilimkuta bado ameketi, jasho linamtiririka. Grasiana alikuwa nyuma yangu.

"Mzee! Nani kakuruhusu? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Hebu nifunue, nione kinena."

"Siumwi, binti yangu. Baadaye."

"Baadaye lini? Uso umekuwa kama majivu!"

"Dada, kaka yangu huyu hajui kuumwa," Zaidi akadakia, kwa kujivuna.

Sadala alitazama ukuta. Mama alitazama dirisha. Neno kinena lilikuwa limetamkwa kati yao wawili, na hakuna aliyeweza kusogea. Nilimshika mama mkono nikamtoa. Grasiana alipofunua shuka, godoro lilikuwa limelowa damu na uvimbe umesimama kama ngumi. Akakandamiza pale kwa mikono miwili na uzito wake wote, muda mrefu mno. Kutoka mlangoni nilisikia kitanda kikilia. Sadala sikumsikia.

Damu ilisimama. Tulirudi nyumbani Kwamndolwa, hapa Korogwe. Lakini paja lilibaki jeusi hadi gotini, na maumivu yalipanda mpaka mgongoni. Trekta hakuweza kulipanda tena. Siku ya kurudi kuzibuliwa mshipa ilipokaribia, nilipanga nguo kwenye begi. Akalifungua, akatoa shati moja moja, akayarudisha kabatini.

"Siendi."

"Daktari amesema bila hivyo..."

"Mwalimu, nimesikia alichosema. Siendi."

Nilimpigia daktari simu. Akasema yapo mengi ya kufanya asiumie vile, kuongeza ganzi, kumpa dawa ya kumtuliza, mradi aseme anapoumia. Nilimfikishia Sadala maneno hayo. Alitazama mikono yake.

"Nitasemaje," akauliza, "na mimi sijawahi?"

Hakuwa anabisha. Alikuwa anauliza kweli.

Alifariki masika yakianza, matrekta ya wengine yakipita barabarani. Mama sasa hali chakula. Ameanza kuamini wanayosema, kwamba mkono wake una kitu. Nikimweleza ukweli, ni kumwambia kwamba heshima aliyopewa na mkwewe ndiyo iliyomwaga damu. Nikinyamaza, anabaki mchawi. Nimeandika haya ili asiitwe mchawi, na namwomba Mungu asisomewe.

Wanauliza pia Sadala aliniambia nini siku zake za mwisho, mle chumbani, tukiwa wawili. Hata Zaidi ametumwa kuja kuuliza. Nilimpa chai, nikamwambia anywe aende zake. Nanyi sitawaambia.