Parachuti ya Msumari

Chuoni walimwita Msumari, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Kwenye timu ya roketi wenzake walishika injini, mapezi na kompyuta. Yeye akapewa parachuti, yaani kitambaa. Basi hicho kitambaa chenyewe kikamshinda! Alikishindilia ndani ya bomba kikakwama, na roketi iliyotengenezwa muhula mzima ikapaa vizuri, ikageuka, ikaja kichwa chini mpaka ikajikita ardhini. Waliichimbua kwa jembe.

"Nakupa nafasi moja tu," mhadhiri wao alimwambia. "Hii nyingine ikivunjika, utabaki kulinda mabegi."

Kulinda mabegi! Na nyumbani alishajitangaza kuwa mtu wa anga. Mama yake hakumwita tena kwa jina, ni "rubani wangu" asubuhi na jioni, naye Msumari, bwana mkubwa, anaitikia.

Akaapa roketi hii itashuka taratibu kama bibi harusi. Hesabu ilimpa kipimo cha kitambaa. Akaongeza kidogo, kwa usalama. Kesho yake wasiwasi ukamrudia, akaongeza tena, wala hakumwambia mtu. Shangazi yake, ambaye cherehani yake ilikuwa imetekwa, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Hilo ni hema au nini?"

"Ni usalama, Shangazi."

"Usalama wa nani? Hebu nipishe nishone sare za watu."

Siku ya kurusha, alikipaka kitambaa poda ya watoto kisigandane, akakikunja kwa upole ambao hajawahi kuupa hata shati lake. Wenzake walipoanza kuhesabu kurudi nyuma, mtaalamu wetu wa anga alifumba macho. Akasikia roketi ikinguruma kupaa, kisha huko juu mlipuko mdogo wa kutoa parachuti, kisha kelele.

"Imefunguka!"

Kweli, parachuti ilikuwa imetanda huko juu, nyekundu, nzuri ajabu. Msumari akarukaruka, akakumbatia hata wasiotaka kukumbatiwa. Halafu kelele zikafifia. Roketi ilikuwa haishuki. Upepo uliibeba ikavuka uzio, ikavuka barabara, ikaelekea mashambani bila haraka yoyote.

"Msumari," mhadhiri akauliza, macho yakiwa bado angani, "uliongeza kitambaa?"

"Kidogo."

"Kidogo?"

"Kidogo mara mbili."

Wakaikimbiza wote. Msumari alitangulia, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, na hakurudi kukichukua. Akilini alishajiona amekalia mabegi mpaka siku ya mahafali.

Waliikuta imelala kwenye shamba la mahindi. Mhadhiri akapiga magoti, akaigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye kila pezi. Haikuwa na hata mkwaruzo. Akasimama, akajifuta jasho.

"Nyingine ushone nusu ya hii," akasema, akaanza kuondoka.

Msumari akawageukia wenzake. "Kasema nyingine? Mmemsikia, kasema nyingine?"

Wakamwambia ndiyo, wamesikia. Akakaa chini palepale katikati ya mahindi ya watu, akalia kwa sauti mbele ya wote, wala hakuona haya.