Siku Tuliyoimwagia Maji Barabara

Mume wangu alikuwa mpiga mbiu wa Kitomanga, na alipenda sauti yake kuliko wali. Jumbe akimpa neno moja alitangaze, lilifika kwetu limeshazaa wajukuu.

Wazungu wa mashamba ya mkonge walipoanza kushindana kwa magari kutoka Lindi hadi Kiswere, jumbe alimtuma awaite watu waje kushangilia. Akapuliza pembe ya nyati aliyorithi kwa babake, akatangaza kwamba tutawaona madereva mpaka masharubu. Watu wakaacha majembe, wakasimama juani tangu asubuhi. Magari manne yakapita, nasi tukaona mavumbi manne. Bibi mmoja, jirani yetu, alijifuta macho akauliza magari yenyewe yatakuja saa ngapi.

Tangu siku hiyo mbiu yake ikawa kichekesho. Hata alipowaita watu kuchanjwa ndui, walijibu wakiwa ndani, "Ni ile ya vumbi?" Nami nilimtania sana, Mungu anisamehe. Mwaka uliofuata jumbe akamtuma tena kwa mashindano yaleyale, na safari hii chakula kilimshinda.

"Mke wangu," akaniambia, "wasipoona kitu tena, hakuna atakayeniamini hata nikitangaza simba."

Nilimwonea huruma. Nikamwambia apige mbiu yake, mengine aniachie mimi.

Nikawakusanya wanawake wenzangu. Tulijenga kibanda cha makuti kando ya barabara, tukatandika mikeka ya wazee, tukaweka mtungi wa maji ya kunywa. Likabaki vumbi. Kwetu mgeni hakaribishwi kwenye ua wenye vumbi. Unanyunyiza maji kwanza, kisha unafagia. Nikasema, barabara ni ua tu, ila mrefu. Tukabeba madebe kutoka kisimani, tukaanza kunyunyiza kwa mkono, kidogokidogo. Lakini wanawake wakishaanza kuimba hawapimi tena. Tulipofika bondeni, kwenye udongo wa mfinyanzi, tulikuwa tunamimina debe zimazima.

Gari la kwanza lilishuka likinguruma, likazama mpaka tumboni. La pili lilikwepa, likazama ubavuni mwake. Mawili ya nyuma yakaserereka na kusimama yametazama porini. Watu wakalipuka kwa vigelegele, maana walidhani mashindano ndiyo hayo. Yule bibi alinyanyuka mkekani, akaenda taratibu hadi kwenye gari la kwanza, akamchungulia dereva aliyekuwa akifoka.

"Kweli anayo masharubu," akatangaza.

Wanaume walisukuma magari mpaka alasiri, wakarudi wamepakwa tope hadi kwenye kope. Sijapata kuona watu wenye furaha vile.

Kesho yake jumbe akatuita barazani. Wazungu walikuwa wamekasirika, na alitaka kujua nani alitoa amri ya kumwaga maji barabarani. Wanawake wote walijua, wakatazama chini. Nikavuta pumzi niseme.

"Ni mimi, jumbe," mume wangu akatangulia.

Akaambiwa aiweke pembe chini. Aliiweka kwa mikono miwili. Njiani nilikuwa nalia.

"Unalia nini?" akaniuliza. "Si wameona?"

Siku hiyo nilimpenda kuliko siku ya harusi yetu. Sikumwambia, maana angelitangaza.

Mwaka uliofuata pembe ilikuwa kwa mtu mwingine, kijana mwenye kifua kipana kuliko mume wangu. Alipuliza mpaka mashavu yakavimba, akatangaza kwamba magari yanakuja. Watu wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha wakaja nyumbani kwetu, mmoja mmoja, wakapiga hodi wakamuuliza mume wangu kama ni kweli. Aliwajibu kuwa ni kweli, ndipo wakaenda kuchukua mikeka.