Kilio Kilichomtoa Jakup

Harufu ya nyama ya kondoo iliyoachwa ikauke kwa upepo haina adabu, huingia kwa jirani bila kupiga hodi. Ndivyo tulivyomjua Jakup, mwishoni mwa miaka ya tisini, tulipokuwa tukiishi ghorofa ya nne kule Thamesmead, kwa Waingereza. Nilikuwa na miaka tisa. Alikuwa ametundika paja zima kwenye kibaraza chake, chini ya chetu, na mama, mtu wa Bukavu aliyezoea samaki wakavu tangu utoto, aliziba pua akaniuliza kama huyo mzungu amefiwa na mbuzi. Jakup alikuwa kijana mwembamba kutoka Visiwa vya Faroe, kaskazini kabisa, ambako alisema kondoo ni wengi kuliko watu. Alikuwa amesomea utengenezaji wa filamu, akiosha vyombo mkahawani ili alipe pango, na hakuwa na filamu hata moja ya kumwonyesha mtu. Mashine yetu ya kupasha nyumba joto ilipokufa, ndiye aliyeitengeneza. Tulimpenda. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu baadaye ilikuwa rahisi kujidai kwamba hatukuwahi kumpenda.

Filamu fupi aliyoitaka ilimhusu bibi yake, ambaye mumewe alipotelea baharini na mwili haukuonekana. Alitaka mama amwigize mjane huyo, kwa Kiswahili, sebuleni kwetu, atoe kilio. Mkalimani nilikuwa mimi. Mama alicheka, kisha akaacha kucheka. Baba alikuwa amebaki nyuma tulipokimbia vita, na tangu hapo hatukupata habari zake, nzuri wala mbaya. Kila Jumamosi mama alinunua kadi ya simu akawapigia watu wa Bukavu, wa Uvira, hata wa Kigoma, kuuliza kama yupo aliyemwona. "Umwambie," alisema, "siwezi kulilia mutu mwenye hayakufa." Kwetu mtu huliliwa habari ikishafika. Ukimlilia kabla, umemzika kwa mdomo wako. Jakup alisema ameelewa, akaomba apige picha za nyumba tu, na za mikono ya mama ikikunja nguo. Mama akakubali.

Siku ya tatu mama alikuwa kazini, akisafisha ofisi mjini. Jakup alikaa kitini akasema filamu yake haina uhai, inakosa sauti ya kilio. Nikamwambia mimi naweza. Nilikuwa nimepelekwa kwenye misiba mingi ya Wakongo wenzetu, nilijua sauti inapandishwa wapi na wapi inakatwa. Nilitaka tu anisifu. Nikajifunga kitenge cha mama, nikakaa sakafuni, nikaanza, "Baba weee, umetuacha na nani?" Nilikuwa hodari, Mungu anisamehe. Siku hiyo mama aliruhusiwa mapema, akanisikia tangu kwenye ngazi. Aliingia akiwa bado ameshika mkate. "Balipiga simu? Ni baba yako? Sema!" Akaanguka palepale mlangoni, akakitoa kilio chenyewe, kile ambacho mimi nilikuwa nikikichezea kama mtoto anayevaa viatu vya mama yake. Jakup alielewa kabisa kilichokuwa kikitokea. Hakuhitaji mkalimani. Aligeuza kamera ikamwelekea mama.

Nilipomweleza mama kwamba hakuna aliyepiga simu, alinizaba kofi, halafu akanikumbatia. Lakini majirani walishasikia. Kufika jioni akina mama wa kanisani walikuwa wamejaa sebuleni na masufuria yao. Mama aliwaambia hakuna msiba, nao wakamwitikia kwa upole kama wanavyoitikiwa wagonjwa. Jumamosi iliyofuata hakununua kadi. Nilipomkumbusha, alinijibu, "Nilishamulilia. Nitauliza nini tena?" Jakup alipoleta karatasi ya ruhusa ya kutumia picha zile, mama aliitia saini bila kuuliza kitu. Hakuwahi tena kupiga simu kumuulizia baba, mpaka mwenyewe akaingia kaburini.

Filamu ile ya dakika kumi na moja ilipata tuzo, tuzo ikamletea fedha za filamu ya pili, na Jakup akahama Thamesmead kabla sijamaliza shule ya msingi. Siku hizi ni mtu mzima, anafundisha vijana. Mwaka jana nilimsikia redioni akiulizwa alianzaje. Alijibu kwamba siku moja bahati iliingia mlangoni ikamkuta yuko tayari. Bahati! Nilimchukia siku nzima, nikaosha vyombo kwa kelele mpaka binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza nina nini. Nikamwekea ile filamu. Akamwona bibi yake akianguka, akaniona mimi nikimkimbilia papo hapo, akaniambia nilikuwa mtoto mwema. Sivyo ilivyokuwa. Mama alipoanguka sikumkimbilia. Nilimtazama kwanza Jakup, nijue kama nimefanya vizuri. Aliitikia kwa kichwa, nami nikaendelea kulia. Kipande hicho alikikata.